Kitanda cha Keko na maji ya Kinjeketile

Msomaji wangu, kama ulidhani wiki hii nitakuletea habari za kiwanja kipya cha kujirusha, umeula wa chuya. Wiki hii nimefanya mtoko wa kisomi. Ndiyo, mimi huyu huyu wa Keko, niliyezoea Jumamosi kukaa baa natazama mpira na mshikaki mkononi, nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu saa mbili nikiangalia mchezo wa kuigiza. Tena wa kitabuni. Na yaliyonipata huko, jamani, mpaka leo nikipita mtaani natembea upande upande kama kaa.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Chanzo ni mwandani wangu, yule mchumba ambaye kila siku nawaambia humu kwamba karibuni mtakula pilau. Ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, anakaa kwao Mtoni. Alhamisi akanipigia simu.

"Jumamosi tunatoka," akasema. "Lakini baa siendi. Nimechoka kwenda mahali nakwambia neno moja unaniuliza 'eeh?' mara tatu kwa sababu ya spika. Utanipeleka nikale, halafu kuna vijana wanaonyesha Kinjeketile, Chang'ombe. Tiketi ninazo. Wewe lipa chakula."

Sasa mwanamke keshanunua tiketi, wewe unakataa unaanzia wapi? Nikasema poa. Ila moyoni nilikuwa na jambo langu, na nisipowaambia sasa hamtaelewa kwa nini nilitoka jasho kwenye ukumbi wenye feni.

Kwa asiyeijua Keko: mtu wa Dar ukimtajia Keko anawaza vitu viwili, gereza na samani. La kwanza halijanihusu, namshukuru Mungu. La pili ndilo lililonimaliza. Huku kwetu mafundi wamejipanga kando ya barabara, sofa zimepangwa nje, makabati yanang'aa, vumbi la mbao linakuingia puani na harufu ya vanishi inakulewesha bure. Watu wanatoka kila kona ya jiji kuja kutengenezewa vitu vya ndani. Sasa mimi mkazi wa hapa hapa, ninayeamshwa na randa za mafundi kila asubuhi, ndoa yangu ikose kitanda? Haiwezekani.

Basi tukapanga kitanda cha mninga, sita kwa sita, na vimeza vyake viwili vya pembeni. Fundi akasema laki saba. Mwandani akavuta upatu wake, akanipa laki nne mkononi. Mimi nikaongeza laki tatu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kutoka nyumbani, kutembea dakika tano, kumkabidhi fundi.

Hizo dakika tano mpaka leo sijazimaliza.

Si mnajua tena hii mikeka ya kwenye simu. Timu saba. Nikajisemea, laki saba inaweza kuwa milioni kadhaa, nanunua kitanda, kabati, friji na suti. Timu sita zikajipa. Ya saba, huko Ulaya, ilikuwa inaongoza mpaka dakika ya 89. Sitaki hata kuendelea. Mkeka ulichanika, na kitanda cha mninga kikachanikia humo humo.

Wiki iliyofuata mwandani akauliza, "Vipi, fundi ameanza?" Mdomo ukajibu wenyewe: "Ameshapasua mbao." Wiki ya pili: "Yuko kwenye msasa." Wiki ya tatu: "Kipo kwenye vanishi, tatizo mvua, hakikauki." Kwa mdomo wangu mimi ni fundi hodari, nilikuwa nimebakiza kukipakia kwenye guta tu.

Sasa Jumamosi ikafika. Akaja saa kumi na moja jioni, gauni la kitenge, viatu vya chini, ananukia kama Idi. Kutoka kwangu kwenda Chang'ombe kwa miguu lazima mpite mbele ya mafundi. Nikaona hapa naumbuka mchana kweupe. Nikaita bajaji. "Hapo tu Chang'ombe unapanda bajaji?" akashangaa. "Leo ni siku yako," nikamjibu, "hutembei kwa miguu." Nikamwambia dereva azungukie mbali. Mwandani akatazama nje, hakusema kitu. Nikajipongeza.

Tulikula kwenye kijumba cha chakula kisicho na makuu, meza zina vitambaa vya plastiki vya maua. Yeye aliagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi chipsi kuku na kachumbari, ndimu juu, pilipili pembeni. Soda baridi mbili. Bei ya kistaarabu, na muhimu zaidi, hakuna spika. Nikagundua kitu: sijawahi kukaa na huyu binti tukala bila muziki wa kutufunika. Unasikia kijiko kinagonga sahani. Unasikia na uongo wako unavyotoka.

Akaanza kunichokoza na Ngoswe, ule mchezo wa Edwin Semzaba ambao kila aliyepita sekondari Bongo anaujua. Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona binti, kazi ya serikali inakwenda na maji. "Ngoswe penzi lilimfanya mzembe," akasema. "Wewe je, penzi linakufanya nini?"

"Mchapakazi," nikajibu, huku natafuna paja la kuku.

"Kitanda je?"

"Koti la kwanza la vanishi tayari. Bado la pili."

Akatabasamu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama yake keshanunua shuka pea tatu, sita kwa sita. Shangazi yake wa Mbagala kamwambia kila mtu kwamba mkwe wao kaanza na kitanda cha mninga. Fundi cherehani wa mapazia anaulizia rangi ya mbao ilivyotoka, ili vitu viendane. Wanawake wa upatu wamepanga siku ya kuja kukitazama.

Jamani! Mimi nilitoa neno moja dogo, "ameshapasua mbao", sasa hivi lina shuka, lina mapazia, lina shangazi Mbagala. Kuku akanikwama kooni. Nikaagiza maji.

Tukaenda ukumbini. Msifikirie viti vya kukunja vyekundu. Ni ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki, jukwaa la mbao, pazia jeusi, taa nne. Vijana walikuwa wamejaa, wengine wanapiga miluzi, wengine wamejipiga picha na tiketi tayari kwa kurusha mtandaoni. Nikajua hapa usiku utakuwa mrefu.

Niwape darasa kidogo kwanza, maana mwandani alinipa la kwangu tukisubiri taa zizimwe.

Kinjeketile ni mchezo wa Ebrahim Hussein, mtoto wa Kilwa aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulichapishwa mwaka 1969, mwaka ule ule ambao Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Fikiria, mwaka mmoja, Kiswahili kinapata mfanyabiashara wa Venisi na mganga wa Rufiji. Habari yenyewe ni ya vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907. Mjerumani kawalazimisha watu kulima pamba mashambani, hawapati muda wa kulima chakula chao. Akatokea Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akagawa maji ya dawa, risasi za Mjerumani zigeuke maji. Makabila yaliyokuwa hayaelewani yakaungana. Mjerumani alimnyonga Kinjeketile Agosti 1905, lakini moto ulikuwa umeshawaka, ukaenda mpaka Songea. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Mjerumani kuchoma mashamba na maghala, Wajerumani wenyewe walisema 75,000. Wanahistoria wengine wanafika mpaka laki tatu.

Na huko si mbali. Hii hii barabara ya Kilwa inayopita hapa kwetu, ukiifuata Mbagala, Mkuranga, Kibiti, unaingia Rufiji. Kila siku tunagombania daladala kwenye njia ya Kinjeketile, wala hatujui.

Kaka zetu wakubwa mambo ya jukwaani waliyazoea. Miaka ya 1990 kulikuwa na Muungano Cultural Troupe, na TOT iliyoanza mwaka 1992, wanapigana vikumbo kugombea watazamaji. Unalipa kiingilio kwenye baa, bia mezani, unapata ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, na taarabu ya kufungia usiku. Mwaka 1994 zikaingia televisheni za watu binafsi, waigizaji wakahamia kwenye kioo, kisha zikaja filamu za video. Jukwaa likabaki la wanafunzi na wenye moyo. Mimi wa kizazi cha simu, mara ya mwisho kuona mtu anaigiza mbele yangu ilikuwa mahafali ya darasa la saba.

Basi taa zikazimwa.

Wanaanza wanawake. Wanazungumza habari za njaa, unga hakuna, waume wako kwenye shamba la Mjerumani. Miluzi ikapungua. Waigizaji hawana kipaza sauti, ukitaka kusikia inabidi unyamaze. Na watu wakanyamaza! Kijana wa mbele yangu aliyekuwa anarekodi kwa simu, nilimwona anaishusha taratibu mpaka mapajani, kaisahau.

Kinjeketile mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, kifua wazi, kaniki kiunoni. Alipotoka mtoni ngoma ilikuwa inapigwa moja moja, kama moyo. Macho hayamtazami mtu. Anaongea maneno ambayo hata yeye anaonekana kuyasikia kwa mara ya kwanza. Watu wanaamini. Wanaungana. Wanafanya mazoezi ya vita. Ukumbi mzima tukawa upande wao, tunajua kabisa maji hayazuii risasi, lakini tunataka yazuie.

Halafu akili inamrudia. Anaanza kujiuliza neno lake lilitoka wapi, na litawapeleka wapi hawa watu. Anawaambia wangojee. Nani amsikilize? Neno limeshapata miguu. Linatembea bila yeye.

Hapo ndipo jasho liliponianza. Naona jukwaani wapiganaji wanajipaka maji, mimi naona shuka pea tatu. Naona shangazi wa Mbagala anapiga kigelegele mbele ya bunduki. Nikamtazama mwandani kwa jicho la pembeni. Kakaa wima, mikono mapajani, hatikisiki.

Mwishoni wameshindwa, Kinjeketile kafungwa. Mjerumani anamtaka aseme jambo dogo tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema hivyo mateso yatakwisha. Anakataa. Anaona akilikana lile neno, watoto watakaokuja wataambiwa kwamba hata kupigania haki yao lilikuwa kosa. Ebrahim Hussein mwenyewe alieleza kwamba huyu ni Kinjeketile wake wa jukwaani, si yule wa historia vile vile alivyokuwa. Lakini pale ukumbini nani alikuwa anakumbuka tofauti? Taa zilipowaka, kwanza kimya, kisha makofi mpaka viti vikatetemeka. Dada mmoja nyuma yetu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Tukatoka. Safari hii mwandani akasema, "Tutembee." Sikuwa na cha kujibu. Usiku ulikuwa na upepo, wauza mahindi wanapepea moto, bodaboda wanatuita, sisi tunakwenda pole pole kurudi upande wa Keko.

"Wewe ungekuwa Kinjeketile," akauliza, "ungesema maji ni uongo?"

Nikaona nafasi. Nikajitia msomi. Nikamwambia kuna wakati neno hata likiwa si la kweli linawaunganisha watu, linawapa matumaini, kulikana ni kuwavunja moyo. Nikaongea, nikaongea. Mpaka mwenyewe nikajisikia namtetea mtu mwingine, si Kinjeketile. Mbele yetu kwa mbali nikaona mabati ya karakana ya fundi wangu, yamefungwa, taa moja nje. Miguu ikagoma.

Nikasimama. Nikamwambia: "Kitanda hakuna."

Kimya.

"Hakuna mbao, hakuna msasa, hakuna vanishi. Hela niliweka kwenye mkeka. Yote. Na laki nne yako."

Msomaji wangu, nilishajiandaa kwa kibao. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia wala hakunigusa. Akasema kwa sauti ya darasani:

"Jumatano nilipita kwa fundi. Nilimuuliza kitanda cha mninga kiko wapi. Akaniuliza, mninga upi?"

Kumbe! Kumbe kwenye bajaji alikuwa anajua. Kwenye wali wa nazi alikuwa anajua. Zile shuka, yale mapazia, alikuwa ananihesabia kwa vidole huku ananitazama usoni.

"Kwa hiyo tiketi ulinunua unajua?"

"Tiketi nilinunua Jumatatu, nakupenda. Jumatano nilitaka kuzirudisha. Nikasema hapana, ngoja nimpe mpaka Jumamosi. Ningefika kituoni hujasema, ungeisoma pete kwenye bahasha."

Nikataka kujitetea na Kinjeketile wangu. Nikasema, unajua, mimi nami neno lilinizidi nguvu, kama yule...

"Koma hapo hapo," akanikata. "Usijifananishe. Yule alipolitoa neno alikuwa analiamini. Lilipomshinda, aliogopea watoto ambao hata hajawazaa. Wewe neno lako hukuliamini hata siku moja, na uliyekuwa unamwogopea ni wewe mwenyewe. Mimi umenimwagia maji wiki tatu, unanipeleka vitani na kifua wazi."

Nawaambia ukweli, nimesoma shule, nimesikia mawaidha, nimehudhuria semina za uchumba, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo nikaelewa. Na sidhani ningeelewa kama tungekuwa baa. Pale ningesema "eeh?" mara tatu, tukacheka, tukarudi nyumbani na uongo wetu tumeukumbatia katikati.

Nikamsindikiza mpaka kituoni. Kabla ya kupanda daladala akanipa masharti matatu. Moja, habari hii mama yake ataisikia kwa mdomo wangu, kesho, kabla ya adhuhuri. Mbili, laki nne yake irudi, na kitanda kitengenezwe kwa hela yangu mimi. Tatu, tarehe ya ndoa imefutwa mpaka kitanda kisimame kwa miguu yake minne. "Pete naivaa," akasema, "lakini naivaa kwa mkopo."

Jumapili nikaenda Mtoni. Sijawahi kuona njia fupi kama ile. Mama mkwe alinikaribisha chai na vitumbua, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, jambo ambalo ni baya kuliko kukatishwa. Nilipomaliza akanyamaza, akapanga vikombe kwenye sinia, akasema: "Shuka hazina haraka, mwanangu. Hazioti kutu." Kisha akaongeza, kama aliyekumbuka kitu kidogo: "Lakini hizo laki nne za binti yangu zina haraka." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Kwa hiyo, wale mliokuwa mnaulizia pilau, pilau limesogezwa mbele. Programu ya mikeka nimeifuta mbele ya mwandani, yeye ndiye aliyebonyeza. Kila Ijumaa napeleka elfu hamsini kwa fundi na yeye anapita kuangalia risiti, na kukagua mbao kwa kucha. Mpaka naandika hapa kitanda kimefika ubao wa kichwa tu. Umeegemezwa ukutani karakanani, mzuri kweli, hauna miguu. Fundi anaita "jukwaa la Kinjeketile" na mtaa mzima unacheka.

Ushauri wangu kwa vijana wenzangu wa Temeke, Kinondoni na kwingineko? Mpelekeni mwandani mkale mahali penye utulivu, kisha mkaangalie mchezo wa jukwaani, ukipatikana. Hela yake haizidi bia tatu. Ila kabla hamjatoka nyumbani, kama una kitanda chochote kiko kwenye vanishi, kaseme kwanza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mkipita Keko, msiniulize kuhusu mninga.